Garissa na macho ya wageni: Kwa nini picha za wapiga picha wa ridhaa zisipotee

MWEZI Desemba mwaka 2021, picha moja iliyopigwa kutoka angani ilizunguka dunia nzima kwa muda wa siku chache. Ilionyesha twiga sita waliokufa, mizoga yao ikiwa imelala kwenye ardhi kavu karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, Kaunti ya Wajir. Twiga hao walikuwa wamekwama topeni walipojaribu kunywa maji katika bwawa lililokaribia kukauka. Mizoga ikaondolewa hapo ili isichafue maji machache yaliyosalia. Picha hiyo ilipigwa na Ed Ram, mpiga picha wa kitaaluma, na magazeti ya mabara yote yaliichapisha.

Picha hiyo ilikuwa ya kweli. Ukame ule, ambao ulizidi kushika kasi hadi misimu mitano ya mvua ikapita mtawalia bila mvua ya kutosha, uliangamiza mifugo kwa maelfu katika Kaskazini Mashariki. Haitakuwa haki kumlaumu aliyeionyesha dunia msiba huo. Hata hivyo, picha hiyo inazua swali ambalo wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera wamekuwa wakijiuliza kwa miongo mingi: mbona sura ya kwao hufika mbali wakati wa njaa, vita au mauaji pekee, na aghalabu kupitia kwa mtu aliyekuja asubuhi na kuondoka jioni?

Jibu limeanza kupatikana mahali ambapo wengi hawakulitarajia. Katika mji wa Garissa na viunga vyake, vijana na wazee wasio na taaluma ya upigaji picha wamezoea kuchukua simu zao na kunasa yale wanayoyaona kila siku: jua likizama nyuma ya mto Tana, kundi la ngamia likivuka barabara, soko la mifugo siku ya mnada, maharusi, watoto wakirejea kutoka madrasa, na vumbi la alasiri linalogeuza anga kuwa jekundu. Picha hizo hutumiwa marafiki na jamaa kwa simu, hupokelewa kwa sifa, mzaha na ubishi, kisha huja nyingine.

Kwa mtazamo wa haraka, huo ni mchezo wa kupitisha wakati. Waama, ukiuchunguza utaona kwamba ni miongoni mwa mambo yenye uzito mkubwa yanayotendeka katika eneo hilo leo, na kwamba yasipolindwa yatapotea bila ya kuacha alama yoyote.

Asiyekujua hakuthamini

Wahenga walinena kwamba asiyekujua hakuthamini. Msemo huo unafafanua tofauti iliyopo kati ya kutazama picha na kuitambua picha.

Chukua mfano wa picha ya ngamia. Mkazi wa Nairobi akiipata ataona ngamia, labda na jangwa. Mfugaji wa Garissa ataona mambo mengine kabisa. Ataangalia nundu na kujua kama mnyama ameshiba au ameanza kula akiba ya mwili wake. Ataangalia chapa iliyochomwa kwenye ngozi na kutambua ni mali ya ukoo gani. Ataangalia miti iliyo nyuma na kukisia ni upande gani wa kaunti na ni msimu upi. Iwapo aliyeituma ameandika kwamba ni picha ya kiangazi ilhali majani yanaonyesha kwamba mvua ilinyesha juma lililotangulia, mfugaji huyo atamsahihisha hapo hapo, na wenzake watacheka.

Huku ndiko kuthamini picha kwa maana yake kamili. Mpiga picha wa ridhaa wa Garissa hana mhariri, hana mwalimu wa chuo, wala hana tuzo anayoiwania. Ana majirani. Nao majirani hao ni wakaguzi wakali kuliko mhariri aliye London au New York, kwa kuwa wanalijua jambo lililopigwa picha kabla ya kuiona picha yenyewe. Hawawezi kudanganywa kwamba kisima fulani kimekauka ikiwa jana walinywesha ng'ombe hapo.

Lipo pia neno mashallah, ambalo hutangulia karibu kila sifa. Asiyeujua utamaduni wa Waislamu wa eneo hilo huenda akalichukulia kuwa ni sawa na kusema "picha nzuri". La hasha. Neno hilo hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Linasifu kilichoonekana, na papo hapo linakikinga dhidi ya kijicho. Anayesifu kundi la mifugo au mtoto mchanga bila ya kulitamka neno hilo huweza kushukiwa kuwa hasidi. Hivyo basi, hata kabla ya kujadili mwanga na pembe ya kamera, mtazamaji anakiri kwamba kilichomo katika picha ni cha mtu na kina heshima yake. Ni adabu ambayo wapiga picha wengi wa kimataifa wangenufaika nayo.

Picha kama ushahidi wa kutiliwa shaka

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, sharti tukumbuke kwamba kwa muda mrefu picha ya kwanza kabisa ya mkazi wa Kaskazini Mashariki haikuwa ya furaha. Ilikuwa ya kitambulisho.

Kuanzia Desemba 1963, majuma machache tu baada ya Kenya kujinyakulia uhuru, eneo hilo liliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari, na sheria hizo hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Mnamo Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wakaguliwe upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi nyingine maalumu za rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida. Ukaguzi wa ziada wa waombaji vitambulisho katika kaunti za mpakani uliendelea kwa miaka mingi baadaye. Ni Februari 2025 tu, akiwa Wajir, ambapo Rais William Ruto alitangaza kuukomesha rasmi.

Kwa vizazi kadhaa, basi, kusimama mbele ya kamera kulimaanisha kusimama mbele ya afisa anayeuliza: wewe ni nani, na kwa nini tukuamini? Uso wako ulikuwa hoja ya kuthibitishwa. Kijana anayejipiga picha leo akiwa ukingoni mwa mto Tana, kisha akaambiwa na wenzake kwamba amependeza, anafanya jambo ambalo babu yake hakulijua. Anapigwa picha bila ya kuhojiwa.

Aidha, kuna yale ambayo hayakupigwa picha na wenyeji kamwe. Mnamo Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa uliteketezwa katika operesheni ya maafisa wa usalama. Mnamo Februari 1984, wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wao wakauawa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, sehemu kubwa ya yale iliyoyaandika kuhusu maovu hayo ilitegemea vinywa vya walionusurika. Wajane na wazee walilazimika kusimulia tena na tena, na kila waliposimulia, palitokea wa kuwatilia shaka kuhusu idadi ya waliokufa na namna walivyokufa.

Hatusemi kwamba picha huzuia mauaji. Tunasema kwamba jamii isiyo na picha zake yenyewe hulazimika kuthibitisha machozi yake kwa maneno pekee.

Garissa, Aprili 2015

Tukio lililodhihirisha nguvu ya picha za watu wa kawaida ni lile la Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, wakati magaidi wa Al-Shabaab waliposhambulia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi.

Yafaa tukumbuke mazingira ya kisheria ya wakati huo. Mwishoni mwa mwaka 2014 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kurekebisha sheria za usalama. Kifungu chake kimoja kilimtishia faini ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka mitatu yeyote ambaye angechapisha au kusambaza habari au picha za kuzua hofu kwa umma, zikiwemo picha za waliokufa au kujeruhiwa. Tarehe 23 Februari 2015, Mahakama Kuu ilikitupilia mbali kifungu hicho pamoja na vingine kadhaa, ikisema vinakiuka Katiba. Majuma matano na ushei baadaye, Garissa ikashambuliwa.

Mahakama ilikuwa imekwisha kusema kwamba serikali haiwezi kuziba midomo ya watu kwa namna ile. Lakini hakuna mahakama iwezayo kufundisha watu heshima. Picha za kutisha za miili ya wanafunzi zilisambazwa kwenye simu, zikawafikia wazazi ambao walikuwa bado wanasubiri habari. Miili ilipelekwa katika chumba cha maiti cha Chiromo, Nairobi, ambako familia zilipanga foleni kwa siku kadhaa ili kuwatambua wapendwa wao.

Ndipo likatokea jambo ambalo halikuamriwa na ofisi yoyote. Wakenya walianza kusambaza picha nyingine: za wanafunzi hao wakiwa hai. Picha za mahafali ya shule ya upili, za sherehe za kuzaliwa, za marafiki wawili wamekumbatiana nje ya bweni, za kijana aliyevaa shati jipya siku ya Jumapili. Nyingi zilikuwa zimepigwa kwa simu na wenzao, nyingine hazikuwa na mwanga wa kutosha, nyingine zilikuwa zimekatwa vibaya pembeni. Ziliandamana na majina, pamoja na tamko kwamba hao 147, idadi iliyokuwa ikitajwa wakati huo, hawakuwa tarakimu tu.

Hakuna mpiga picha wa kitaaluma ambaye angeweza kuzipiga picha zile. Hakuwepo. Aliyekuwepo ni rafiki aliyekaa kitanda cha pili. Alipobonyeza simu yake hakufikiri kwamba anahifadhi historia. Alitaka tu kumwonyesha mwenzake jinsi alivyopendeza. Hapo ndipo palipo na thamani ya picha ya ridhaa. Hupigwa kwa mapenzi, na siku ya msiba mapenzi hayo ndiyo yanayobaki kuwa ushahidi.

Chuo hicho kilifunguliwa tena Januari 2016. Lakini ni picha ngapi kati ya zile zilizosambazwa Aprili 2015 ambazo zimehifadhiwa mahali pamoja, pamoja na majina na idhini ya familia? Nyingi zimetawanyika katika simu zilizokwisha kuharibika na katika kurasa ambazo wenyewe wamezifunga.

Somo kutoka Dadaab

Kilomita takriban mia moja kutoka mjini Garissa ziko kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991. Mwaka 2011, wakati njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia, kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifurika hadi zikawa na karibu nusu milioni ya watu. Waandishi na wapiga picha wa dunia nzima walimiminika huko. Picha zao za watoto waliodhoofika zilileta misaada, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini Dadaab haikuwa hospitali pekee. Ulikuwa mji wenye masoko, viwanja vya mpira, harusi na wanafunzi wanaosomea mitihani ya kitaifa. Aliyeuonyesha upande huo ni mkazi mwenyewe. Shirika la FilmAid lilifundisha vijana wa kambi hizo kutengeneza filamu na kupiga picha. Mradi wa Dadaab Stories ulikusanya filamu, picha, muziki na masimulizi yao ili dunia iwasikie bila ya mkalimani. Vijana hao walitazama kazi zao kwa pamoja na kuzijadili, na majirani zao wakatazama filamu jioni katika maonyesho ya hadhara.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana zaidi Mei 2016, serikali ilipotangaza kwamba ingezifunga kambi hizo. Mahakama Kuu ililizuia jambo hilo Februari 2017. Katika mjadala huo wote, viongozi walizungumza juu ya Dadaab kana kwamba ni kituo cha usalama tu, wengine wakiita pango la magaidi. Aliyekuwa amezaliwa Ifo na kulelewa Ifo angejibu kwa lipi? Angejibu kwa picha ya darasa lake, ya duka la mamake, ya timu yake ya kandanda.

Twiga weupe na hatari ya sifa

Picha njema nayo ina hatari zake. Mfano bora ni twiga weupe wa Ishaqbini.

Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, katika eneo la Ijara, inajulikana hasa kwa kulinda hirola, mnyama wa jamii ya kongoni ambaye ni adimu sana duniani na ambaye idadi yake inakadiriwa kuwa chini ya mia tano. Mnamo Juni 2017 wanakijiji waliwaarifu walinzi kwamba wamemwona twiga mweupe pamoja na ndama wake. Wahifadhi walikwenda na kupiga picha na video. Picha hizo zilisambaa kwa kasi isiyo ya kawaida, na kwa mara moja jina la Garissa likatajwa duniani kote kwa sababu ya uzuri.

Mwezi Machi 2020, hifadhi hiyo ilitangaza kwamba twiga jike na ndama wake wameuawa na majangili. Mabaki yao yalipatikana yakiwa mifupa mitupu. Aliyesalia alikuwa dume mmoja, ambaye mnamo Novemba 2020 alifungwa kifaa cha kuonyesha mahali alipo ili walinzi waweze kumfuatilia.

Hakuna aliyethibitisha kwamba picha ndizo zilizowaongoza majangili, nasi hatudai hivyo. Lakini kisa hicho kinamfundisha kila mpiga picha wa ridhaa kwamba kusambaza ni tendo lenye matokeo. Simu za kisasa huweza kuandika ndani ya faili la picha mahali na saa iliyopigwa. Anayemsifia mnyama adimu mbele ya maelfu ya watu bila ya kuficha mahali alipo, huenda akawa anamwelekeza adui. Wazee waliofundisha kwamba mifugo haihesabiwi hadharani hawakuwa wajinga.

Tahadhari hiyo inahusu binadamu zaidi. Katika jamii ya Garissa, picha ya mwanamke aliyejistiri nyumbani mwake, au ya msichana akicheza harusini miongoni mwa wanawake wenzake, si mali ya kila mtu. Picha moja ikivuka kutoka simu ya dada hadi simu ya mgeni, inaweza kuvunja ndoa au kuzua uhasama baina ya familia. Kwa hiyo, wanawake wengi wa eneo hilo wanaopenda kupiga picha hupendelea kuonyeshana wao kwa wao, au hupiga mapambo, mavazi, mikono iliyotiwa hina na vyakula, wakiacha nyuso. Kuna wanaoona huo kuwa ni upungufu. Sisi tunaona kwamba ni ubunifu ndani ya mipaka ambayo wenyewe wameikubali.

Sheria ya taifa nayo imeanza kuwa na meno. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu uso wa mtu kuwa ni habari yake binafsi. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data alizitoza faini taasisi kadhaa, ikiwemo shule moja iliyoamriwa kulipa zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Sheria hiyo haimgusi anayepiga picha kwa matumizi yake ya nyumbani. Lakini pindi picha inapoanza kutangaza biashara, mambo hubadilika. Vivyo hivyo, sheria inayolinda maeneo maalumu ya usalama inakataza kupiga picha kambi na vituo fulani bila ya ruhusa, na katika kaunti yenye vizuizi vingi barabarani, kijana anayetoa simu yake ovyo anaweza kujikuta katika seli kabla ya kueleza kwamba alikuwa akipiga picha ya ndege.

Sifa pekee hazitoshi

Tumekwisha kuona kwamba jirani ndiye mkaguzi bora. Lakini ukaguzi huo una udhaifu mmoja ambao lazima usemwe waziwazi. Katika miji midogo watu wanajuana, na anayejuana na mwenzake huona haya kumkosoa. Matokeo ni kwamba picha mbovu husifiwa sawa na picha njema, na anayepiga hakui.

Udhaifu wa pili ni kutaka kupendeza kupita kiasi. Baada ya kuchoshwa na picha za njaa, wapo wanaotaka Garissa ionyeshwe kwa maua na majengo mapya pekee. Wanasiasa wa kaunti huzipenda picha hizo, kwa kuwa haziwaulizi maswali. Barabara iliyokatwa na mafuriko ya Novemba 2023, na maji yaliyorejea Aprili 2024 hadi nyumba za Madogo, ng'ambo ya mto, zikazama, nayo ni sehemu ya ukweli. Ni wakazi waliokuwa wa kwanza kuyapiga picha maji hayo, na picha zao ndizo zilizowaonya jamaa waliokuwa safarini wasifike huko. Picha inayoficha shida kwa ajili ya fahari haina tofauti kubwa na ile inayoficha fahari kwa ajili ya shida.

Mfano wa Mohamed Amin unafaa kukumbukwa hapa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanza na kamera kuukuu akiwa bado mtoto. Ni yeye aliyepiga video za njaa ya Ethiopia mwezi Oktoba 1984 zilizoitikisa dunia. Hakuwa mgeni katika Afrika Mashariki, na hakufumba macho. Kuwa mwenyeji hakumaanishi kusema mazuri tu. Kunamaanisha kuujua uzito wa unachokionyesha, na kuwa tayari kukutana kesho sokoni na watu uliowapiga picha.

Kwa hiyo, wapiga picha wa ridhaa wa Garissa wanahitaji kuambiana ukweli kwa adabu: mwanga ulikosea hapa, jina la mahali si hilo, huyu mzee aliombwa ruhusa? Ukosoaji wa namna hiyo haupunguzi undugu, bali huukomaza.

Mali bila daftari

Linabaki swali la hifadhi, ambalo ndilo zito kuliko yote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za Garissa zimo katika simu zinazovunjika, kuibwa na kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na katika hazina za kampuni za ng'ambo zinazoweza kubadili masharti zitakavyo. Minara ya mawasiliano ya eneo hilo imeshambuliwa mara kadhaa na magaidi, na kila unapoangushwa mmoja, vijiji vizima hukatika. Picha za wageni, kwa upande mwingine, zimepangwa vizuri katika maktaba za mashirika makubwa, zikiwa na tarehe na maelezo. Baada ya miaka hamsini, mtafiti atakayetafuta Garissa ya leo atapata twiga waliokufa na chuo kilichoshambuliwa. Hatapata jua la Tana, wala mnada wa ngamia, wala yule kijana wa shati jipya.

Suluhisho si gumu, na mfano wake uko Garissa kwenyewe. Mwaka 1996 Huduma za Maktaba ya Taifa ilianzisha huko maktaba ya ngamia, iliyopeleka vitabu kwa wafugaji waliokuwa mbali na shule. Aliyebuni jambo hilo hakusubiri barabara ijengwe, alitumia kilichokuwepo. Kwa roho hiyo hiyo, maktaba ya Garissa inaweza kupewa jukumu la kupokea picha za wakazi na kuzihifadhi, kila moja ikiwa na jina la aliyeipiga, mahali, mwaka, na idhini ya waliomo. Kaunti inaweza kutenga fedha kidogo kwa ajili ya tarakilishi na mtumishi mmoja aliyefunzwa kazi hiyo. Chuo kikuu kinaweza kuwatuma wanafunzi kuwahoji wazee kuhusu picha za studio zilizomo katika masanduku ya nyumbani. Na mara moja kwa mwaka picha hizo zinaweza kuchapishwa na kutundikwa hadharani, kama ilivyofanywa na mradi wa Picha Mtaani ulioanzishwa mwaka 2009 na Boniface Mwangi, uliopeleka picha za ghasia za baada ya uchaguzi mitaani ili wananchi wajitazame.

Jambo moja halina mjadala: jina la mpiga picha lisifutwe. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamtambua aliyeitunga picha kuwa ndiye mwenyewe, hata kama ametumia simu ya bei nafuu. Kampuni ya utalii au mwanasiasa anayechukua picha ya kijana wa Garissa na kuipamba bango lake bila ya kumtaja wala kumlipa, anavunja sheria.

Mwanzoni tuliuliza mbona sura ya Kaskazini Mashariki hufika mbali wakati wa msiba pekee. Sehemu ya jibu ni kwamba msiba una wapiga picha wanaolipwa, ilhali maisha ya kila siku yanategemea wanaopiga kwa mapenzi. Hao wapo, na wanafanya kazi hiyo kila jioni bila ya kutumwa na mtu. Wajibu wa kaunti, wa maktaba na wa sisi tunaosoma na kutazama, ni kuhakikisha kwamba watoto wao wataziona picha hizo.